Walimficha Mama Wodini

Juma lililopita niliwaacha nikiwa na simu sikioni, sijui niikate au niendelee kusikiliza. Kwa ambaye hakuwa nasi nitamfupishia, maana ya leo ni mazito na sina nguvu ya kuzunguka.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka kumi na minne nimewatoa watu damu katika hospitali moja, na wagonjwa waliniita Sindano kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi. Mama yangu ni fundi cherehani. Alikuwa akitania kwamba sisi ni ukoo mmoja wa kudunga, ila yeye hudunga vitambaa.

Mwaka jana Daktari Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Mpole kwa sababu hajawahi kupandisha sauti, alileta vidonge vya majaribio vya presha. Vya njano. Watu arobaini wakaandikishwa kuvimeza. Mmoja wao alikuwa mama, na aliyempeleka kuandikishwa ni mimi.

Mwezi wa pili damu zikaanza kusema. Maini ya watu yalikuwa yanaumia. Nikamwambia Mpole. Akaniambia nirudie vipimo. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya tatu nikaelewa anachotaka, nikakiandika.

Majibu sita niliyaandika "salama" kwa mkono wangu huu, nikijua si salama. Chupa zilikuja na namba tu, bila majina. Nikajifunika na hilo.

Baadaye nikaanza kuiba. Kila damu niliyoipima nilibakiza kidogo katika chupa ya pili, nikaificha nje ya hospitali. Zilifika chupa thelathini na nne. Mpole akajua idadi yake, ila hakujua zilipo.

Jumatatu asubuhi watu wawili wenye sare safi walimfuata mama nyumbani na gari la wagonjwa, wakamwambia anahitajika kwa vipimo. Akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda. Hakurudi. Mapokezi wakaniambia hawana mgonjwa wa jina hilo.

Siku ya nne ndipo simu ikalia. Alikuwa Matroni, mkuu wa wauguzi.

"Njoo chumba cha kufulia saa nne," alisema. "Njoo peke yako, na uje na adabu."

Nikaenda.

Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, ukipita tanuri la kuchomea taka. Mashine tatu zilikuwa zinazunguka kwa kishindo. Ukisema neno pale, mtu aliye hatua mbili hakusikii. Bila shaka ndiyo maana alipachagua.

Matroni alikuwa anakunja mashuka. Hakuinua macho. Mimi na yeye tuliajiriwa wiki moja. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho, mkono alioubana mpaka ukavimba ulikuwa wangu.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Salamu zimekwisha siku hizi?"

"Habari za asubuhi. Mama yangu yuko wapi?"

"Amelazwa."

"Wapi? Nimepita wodi zote. Nimefunua mpaka mapazia."

"Jengo la macho."

Jengo la macho lilifungwa mwaka juzi likisubiri ukarabati. Lina kufuli kubwa na nyasi zimeota mpaka kwenye ngazi.

"Kule hakuna wagonjwa," nikasema.

"Wapo."

"Akina nani?"

"Umekuja kumuulizia mama yako au umekuja kuhesabu watu?"

Akakunja shuka jingine. Nikamwambia kwamba kumtoa mtu nyumbani kwake na kumfungia mahali bila ndugu zake kujua kunaitwa utekaji, na sheria ipo.

"Na karatasi ipo," akajibu.

Akaichomoa mfukoni mwa aproni na kuinyoosha juu ya rundo la mashuka, kidole chake kikiwa kimeibana ili nisiichukue. Ilikuwa fomu ya ridhaa ya kulaza mgonjwa. Chini kabisa kulikuwa na sahihi yenye mkia uliopinda kama ndoana.

Mkia ule naujua tangu tuko shule ya msingi. Ni sahihi ya kaka yangu.

"Ndugu zake wanajua," Matroni akasema. "Asiyejua ni wewe."

Mvuke ulikuwa unanichoma machoni. Nilitamani iwe ni mvuke tu.

"Mnataka nini?"

"Chupa. Zote thelathini na nne. Saa nane mchana, mlango wa nyuma wa jengo la macho. Ikipungua moja, mama yako atahamishwa, na huko atakakopelekwa hata mimi sina ufunguo."

"Na wewe unalalaje?"

"Chali," akasema. Kisha akaongeza, bado anakunja, "Usiniangalie hivyo. Mimi nilikubali kuwafunga watu. Wewe ulikubali kuwaandika wazima. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, Sindano."

Nikatoka.

Kaka yangu ni fundi wa mafriji. Duka lake ni chumba kimoja kirefu, mafriji yamepangwa pande zote mbili na milango wazi, katikati njia ya mtu mmoja. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, anachomelea bomba la shaba.

Alijua nimesimama pale. Aliendelea na moto wake.

"Kaka."

Akazidi kuinamia bomba.

"Kaka, umemsainia mama alazwe bila kuniambia?"

Akamaliza kiungo alichokuwa anakichomelea, akakipuliza, akakitazama upande huu na upande ule.

"Daktari alikuja hapa mwenyewe," akasema. "Mtu mzima na cheo chake, akakaa kwenye kreti lile pale, suruali ikachafuka grisi. Akanieleza mambo yako."

"Mambo gani?"

"Kwamba ulivuruga majibu ya watu. Kwamba mama anaumwa ini kwa sababu wewe uliandika mzima. Kwamba ukiachwa naye karibu utaendelea kumchezea dawa ili usigundulike, na wewe ndiye unayempangia dawa zake pale nyumbani."

"Ukamwamini."

"Nilimuuliza swali moja tu. Nani alimpeleka mama kwenye vidonge? Akanionyesha fomu. Nikaona sahihi yako." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Sasa niambie, mdogo wangu. Katika hayo yote, nisiamini lipi?"

Hapo ndipo ubaya wa Mpole ulipo. Hakumdanganya kaka. Alichukua kweli tatu akazisuka, na mwisho wa mkeka akakalia yeye.

Nilitaka kueleza, lakini saa ilikuwa inakwenda. Nikatazama nyuma ya duka, kule lilikokuwa friza kubwa jeupe. Nilikuwa nimezificha chupa zangu ndani yake, chini kabisa, kwenye kopo la rangi lenye kifuniko.

Friza halikuwepo. Palikuwa na pembe nne safi sakafuni na vumbi pembeni.

"Friza jeupe liko wapi?"

"Mwenyewe amelichukua."

"Lini?"

"Jumatatu jioni."

"Na vilivyokuwemo?"

Akanyoosha kidevu kuelekea chini ya meza. Kopo langu lilikuwa pale, kati ya mikebe ya gesi, hatua mbili kutoka kwenye moto wake wa kuchomelea. Siku ya nne hiyo.

"Uliniambia ni chanjo za kuku za rafiki yako," akasema. "Mimi sina kuku."

Nikafungua kifuniko. Harufu ilinipiga kabla ya kuona. Damu zilikuwa zimegeuka rangi ya chai iliyochacha, nyingine zimevimbisha vizibo. Hapakuwa na maabara duniani ambayo ingeweza kuzipima ikapata jibu la maana. Ushahidi wangu wote, miezi mitano ya kuiba kwa kijiko, ulikuwa umeoza chini ya meza ya ndugu yangu.

Nilikaa sakafuni. Sikulia. Nilikuwa nafikiri.

Matroni hajui kama zimeoza. Mpole hajui. Wanajua idadi tu.

Nikanyanyuka, nikachukua ndoo ya maji, nikaziosha kwa nje moja moja kwa sabuni mpaka harufu ikapungua. Nikazikaza vizibo vyake kwa nguvu. Nikamwomba kaka boksi la barafu analotumia kujaribia mafriji. Hakunipa, wala hakunizuia kulichukua. Nikajaza barafu, nikazipanga chupa humo kama vile hazijawahi kuona jua.

"Unakwenda kumdanganya daktari," akasema.

"Nakwenda kumtoa mama."

"Mama hatatolewa na wewe. Aliyesaini ni mimi, na nimesaini ili awe mbali na mikono yako."

Ningenyamaza yangekwisha. Lakini hasira ni mgeni anayejikaribisha. Nikamwambia, "Ulisaini kwa sababu hukutaka kumuuguza. Alipoanza kutapika ulikaa wiki mbili bila kukanyaga nyumbani. Daktari alikuletea udhuru, ukauokota."

Akazima moto.

"Toka dukani kwangu," akasema, taratibu. "Na ukifa usiniite."

Nikalibeba boksi, nikatoka.

Saa nane kamili nilikuwa kwenye mlango wa nyuma wa jengo la macho. Askari alinifungulia bila kuuliza jina, akafunga nyuma yangu. Ndani kulikuwa na harufu ya rangi mbichi. Vioo vya madirisha vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe mpaka juu ya kichwa cha mtu. Ukutani bado palikuwa na lile bango la kupimia macho, herufi kubwa juu na ndogo chini.

Mpole alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, miguu pamoja, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Karibu, dada," akasema. "Umekula lakini?"

"Sijaja kula."

"Afya ni kula kwa wakati. Matroni, mpokee mzigo."

Matroni akafungua boksi. Akahesabu kwa sauti, moja moja, mpaka thelathini na nne. Nilisubiri Mpole amwite kijana wa maabara, apime hata mbili. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kusema: kwamba barafu iliyeyuka njiani, kwamba jua lilikuwa kali.

Maneno yangu hayakuhitajika. Mpole alivaa glavu, akavuta ndoo yenye jiki ya kuulia vijidudu, akaanza kuzifungua na kuzimimina. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayemwagilia maua. Harufu ilipompata alikunja pua kidogo tu.

Nikasema kitu cha kijinga. "Hukuzipima."

"Nipime nini, dada? Kilichomo nakijua kabla yako."

Alisema hivyo mbele ya Matroni, bila kuona haya. Nilimwangalia Matroni. Alikuwa anatazama ndoo.

"Sasa nipe mama yangu."

"Twende ukamwone," Mpole akasema, akavua glavu. "Kumtoa ni jambo jingine."

Chumba kilikuwa mwisho wa korido. Matroni alifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni, tukaingia wote watatu, akafunga tena kwa ndani.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu vyake vya kutokea. Alikuwa ameshika shuka la hospitali, anafumua pindo lake uzi kwa uzi, kwa kucha. Mama hawezi kukaa karibu na pindo lililoshonwa vibaya. Alipoinua uso niliona macho yake. Weupe wote ulikuwa umekwenda. Yalikuwa ya njano kama vile vidonge.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

Nikasogea. Kwenye chuma cha kitanda, pale wanapoandika jina la mgonjwa, palikuwa na kadi ndogo. Haikuwa na jina. Ilikuwa na namba: kumi na tisa.

Wasomaji wangu, nimewaambia tangu juma la kwanza kwamba sitajipamba. Namba zile sita nazijua kwa kichwa. Tatu. Nane. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Ishirini na saba. Thelathini na moja. Nilizikumbuka kila nilipoinama kunawa uso. Na orodha ya majina ilikuwa kwenye droo ya Matroni, droo isiyo na kufuli. Ningeweza kuifungua siku yoyote. Sikuifungua kwa sababu nilijua ndani yake kuna watu.

"Unatazama nini?" mama akaniuliza.

"Namba."

"Hilo ndilo jina langu hapa. Daktari amenieleza jinsi zinavyotumika. Nataka nikuulize wewe, mbele yao. Nani aliniandikisha?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Nilidhani vitakusaidia. Na nilitaka daktari aone kwamba namwamini."

"Damu yangu ya mwezi wa pili nani aliipima?"

"Mimi."

"Ilisemaje?"

"Ilisema ini limeanza kuumia."

"Ukaandikaje?"

Nikasema, "Niliandika salama."

Mama akaendelea kufumua uzi wake mpaka ukafika mwisho wa shuka. Akauzungusha kwenye kidole, akaukata.

"Nikamaliza miezi mitatu mingine navimeza," akasema. "Kila asubuhi unaniwekea kimoja kwenye kisosi na maji ya uvuguvugu. Ulikuwa unaniuliza, mama, umemeza?"

"Sikujua ni wewe. Zilikuwa namba."

"Kwa hiyo ulijua ni mtoto wa mtu mwingine. Ni mama wa mtu mwingine."

Nilipiga magoti. Nikashika mguu wake. Akauvuta.

Kisha akamgeukia Mpole na kusema kwa sauti ile anayotumia kwa wateja wanaochelewa, "Daktari, mtu huyu mtoe. Mimi simjui. Sina mtoto wa kike. Nina mtoto wa kiume, na ndiye aliyesaini. Mpigieni simu aje anichukue."

Kuna maneno mtu akikupiga nayo hubaki umesimama ila ndani umeshaanguka. Lakini niliyajua macho ya mama hata yakiwa ya njano. Hayakuwa yananitazama mimi. Yalikuwa yanautazama ufunguo shingoni mwa Matroni. Mpaka leo sijui kama alinikana kwa moyo wake wote au alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba mwenye uwezo wa kumtoa mle ni mmoja tu, na si mimi. Labda ni vyote viwili.

Mpole alifurahi. Ukimjua utajua; hukunja mikono juu ya tumbo.

"Hilo ni la haki kabisa, mama yetu," akasema. "Hata mimi nilitaka kijana ashirikishwe."

Akatoa simu, akapiga, akaiweka kwenye spika juu ya kitanda. Kaka alipokea mara moja, kama aliyekuwa anaisubiri.

"Mwanangu," mama akasema. "Njoo unitoe huku."

"Mama. Hali yako?"

"Njoo unitoe, nimekwambia."

Nilisikia feni ya friji ikiunguruma dukani kwake.

"Nitakuja," kaka akasema. "Lakini daktari aliniambia kuna karatasi. Yule dada akiri kwa maandishi alichokifanya. Akishasaini, nakuja sasa hivi. Nikikutoa kabla hajasaini, atakufuata kwangu na vidonge vyake."

"Amesikia," Mpole akasema. "Yupo hapa."

Alikuwa nayo tayari, kwenye bahasha ya kahawia. Kurasa tatu zilizobanwa pini. Akazifunua mpaka ya mwisho, akazilaza kwenye meza ndogo ya dawa, akafungua kalamu na kunipa.

"Hapa chini, dada. Saini tu, na mama anakwenda nyumbani."

Nilijua ndani yake kuna nini. Kwamba nilifanya peke yangu. Kwamba yeye hakujua. Chupa zilikuwa kwenye jiki, damu ya kweli imekwisha, na sasa ulibaki mkono wangu tu. Nikisaini, mimi naenda jela, na wale waliobaki wataendelea kupewa vidonge kwenye visosi vyao kila asubuhi. Nisiposaini, mama anabaki mle ndani.

Nilishika kalamu. Nitasema kweli: nilikuwa nasaini. Ncha ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Asome kwanza," mama akasema.

Mpole akatabasamu. "Hakuna haja, mama yetu. Ni maneno ya kiofisi."

"Mimi nimeshona miaka arobaini. Sijawahi kupokea kitambaa bila kukikunjua. Asome, na asome kwa sauti, kaka yake asikie anachokikiri."

"Asome," kaka akasema kwenye simu.

Mpole alitaka kuzichukua karatasi. Nilizivuta kwanza. Nikarudi ukurasa wa kwanza.

Nikasoma. "Mimi, mhudumu wa maabara, nakiri kwamba kwa hiari yangu na bila Daktari Mkuu kufahamu, nilibadilisha majibu ya vipimo vya washiriki." Nikaendelea. Tarehe. Namba ya mashine. Ukurasa wa pili ulieleza chupa nilizoiba. Kila nilipopunguza mwendo, mama ananiambia, "Endelea."

Ukurasa wa tatu, juu ya mahali pa sahihi, palikuwa na aya fupi.

"Nakiri pia kwamba kutokana na kitendo changu, washiriki wafuatao walifariki dunia wakiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Namba tatu. Namba nane."

Kidole changu kikasimama kwenye mstari uliofuata.

"Endelea," mama akasema.

"Namba kumi na tisa."

Mimi niliirudia kwa macho mara mbili, nikidhani ni machozi yananichanganya. Ilikuwa imeandikwa wazi.

"Kosa la uchapaji," Mpole akasema. Sauti yake ilikuwa ileile, haijapanda, haijashuka. "Tutalirekebisha. Nipe karatasi, dada."

"Kurasa mbili nilichapa mimi," Matroni akasema.

Alikuwa amesimama nyuma yetu, mgongo ukutani. Wote tukageuka.

"Mbili," akasema tena. "Hiyo ya tatu siijui. Ulisema waliokufa ni wawili tu, Daktari. Ulisema huyu anahamishwa."

"Matroni, tutaongea ofisini."

Kwenye simu, kaka alikuwa anaita. "Daktari? Kumi na tisa ni nani? Mbona hamnijibu? Kumi na tisa ndiyo nani?"

Mama akalishusha shuka magotini. Akainamia simu kama mtu anayetaka asikike vizuri.

"Ni mimi, baba," akasema.

Mpole akanyoosha mkono na kuikata simu. Kisha, bila kumtazama yeyote, akasema, "Matroni. Mlango."

Matroni akauvua ufunguo shingoni na kwenda mlangoni, akasimama ametugeuzia mgongo. Nilisikia chuma kikizunguka kwenye kitasa mara moja, kisha mara ya pili. Mimi nilimwangalia mama, mama alimwangalia Matroni, na kati yetu sote hakuna aliyejua anafungua au anakaza.